Fundi Kamba wa Kasulu, mchora mapaa anayeionea wivu karatasi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye migomba ya pembezoni mwa mji wa Kasulu, na Reverien Niyubahwe amepiga magoti kwenye kiwanja kitupu. Mkono wa kushoto umeshika kamba iliyofungwa kwenye mambo, kigingi kilichochomekwa ardhini. Wa kulia umeshika kopo la maziwa lililotobolewa matundu chini. Anarudi kinyumenyume akilitikisa, na chokaa inadondoka juu ya udongo mwekundu, mstari mweupe ulionyooka.

Anachora nyumba kwa ukubwa wake halisi: vyumba vitatu, sebule na jiko.

Mwenye kiwanja, Josephina, muuguzi, anafika akiwa amejifunga kitenge dhidi ya baridi. Angeweza kuuruka ule mstari, lakini hauruki. Anazunguka mpaka kwenye upenyo ulioachwa kwa ajili ya mlango, anaingia, anapita sebuleni, anakata kulia na kusimama jikoni. Hapo anachuchumaa, anashika mwiko usioonekana na kuanza kusonga ugali.

"Kiwiko kimetoka nje, fundi," anasema.

"Ego, ndiyo, nimekiona." Reverien anaufuta mstari kwa soli ya buti na kuusogeza shubiri mbili. Josephina anasonga tena. Safari hii kiwiko kinabaki ndani, naye anaridhika.

"Karatasi gani ingemwambia hivyo?" Reverien anamuuliza mwandishi wa makala haya. Anaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, bila kugeuka.

Ng'ambo ya barabara kuna bango. Lina nyumba ya rangi ya maziwa, madirisha ya vioo vya buluu, gari jekundu mlangoni na mitende miwili. Chini yake kuna namba ya simu. Toka alipofika Reverien amepanga kazi yake kwa namna ambayo mgongo wake ndio unaolitazama.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema. "Na ile mitende! Kasulu nzima nani amepanda mtende?"

Wengi mjini hawalijui jina lake la ubatizo. Wanamwita Fundi Kamba. Ana miaka 51, na kwa miaka 28 kazi yake imekuwa kuchora majengo mahali yanaposimama: misingi kwa chokaa ardhini, na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba mapaa, kwa kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri kuukuu, juu ya sakafu ya zege. Akishachora kenchi kwa ukubwa wake, mafundi wa mbao huweka mbao juu ya mistari, hukata na kugongelea misumari. Hakuna anayesoma namba yoyote. Mbao ikifuata mstari, imekubali, ikiupita, inakatwa.

Ndiye fundi anayeheshimika kwa mapaa kutoka Kasulu hadi Kibondo. Na ndiye mwanamume mwenye wivu kuliko wote ambao mwandishi huyu amewahi kukaa nao kwenye benchi moja. Halifichi hilo.

"Andika tu. Nina wivu. Kwetu tunaita ishari. Nikiona gari limeegeshwa ofisini kwa yule binti, nahesabu dakika mpaka liondoke."

Yule binti ni Faudhia, mwenye bango. Ana miaka 29, mzaliwa wa Korogwe, aliyekuja Kasulu miaka minne iliyopita kumfuata mumewe, mwalimu wa sekondari. Alikuja na stashahada ya uchoraji wa majengo, kompyuta mpakato na mashine ya kuchapa karatasi kubwa.

Kwa kuseti nyumba ya vyumba vitatu, yaani kuchora msingi wake ardhini, Fundi Kamba hulipwa shilingi 60,000. Ramani moja ya Faudhia pamoja na picha ya rangi ni shilingi 350,000. Tofauti hiyo Reverien ameikariri kuliko Baba Yetu. Zamani aliseti nyumba saba kwa mwezi. Mwezi uliopita aliseti tatu, na katika hizo, mbili aliitwa kufuata mistari ya Faudhia.

Amewahi kuingia ofisini kwake akijifanya ananunua kalamu. "Nilinunua kalamu tatu," anakiri. "Sikuwa na shida na hata moja. Nilitaka kuona anavyochora."

Mkewe, Esteri, anacheka hadi anafuta machozi. "Kalamu zenyewe zipo. Mume wangu ni mtu mwema, lakini kwa jambo la Faudhia ana roho ya korosho."

Reverien alizaliwa Ulyankulu, katika makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi mwaka 1972. Uraia wa Tanzania aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto. Mwaka 1997 alifika Kasulu kutafuta kibarua, akakipata Nyarugusu, kambi ilipokuwa changa na mvua ikinyesha juu ya maturubai.

Huko alikutana na seremala wa Kikongo aliyeitwa Papa Marcel. Karatasi hazikuwepo, na zilizokuwepo zililowa. Papa Marcel alifagia ardhi, akaimwagia maji, akaisawazisha kwa ubao, kisha akachora kenchi nzima kwa msumari wa inchi sita.

"Alikuwa ananiambia, 'Weye peti,' yaani wewe mdogo, 'mbao haijuake karatasi, inajuaka chini.' Nikacheka. Alipomaliza, tukaweka mbao juu ya mchoro, zikalala kama watoto kwenye mkeka. Siku ile niliacha kucheka."

Tangu hapo amechora mapaa ya madarasa, maghala ya mahindi, nyumba za mapadri na za wafanyabiashara wa Manyovu. Lakini kila kitu alichochora kimefagiliwa, kimelowa au kimefunikwa. Hana hata kimoja cha kumwonyesha mtu. Hilo, anasema, hakuwa amelifikiria mpaka karatasi zilipokuja.

Kisa kilichomwingiza Reverien midomoni mwa watu kilitokea mwaka jana kijijini kwake, Rwamirama, kwenye mteremko wa barabara iendayo Kibondo.

Waumini wa kanisa la hapo walikuwa wakijenga jengo jipya: upana wa mita kumi na mbili, bila nguzo hata moja katikati, ili kila mtu aione madhabahu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Fidele Manirambona, alikuwa amemwahidi Reverien mbele ya watu: "Paa hilo ni lako, fundi."

Ni paa kubwa kuliko yote aliyowahi kugusa. Alilitaka kwa sababu moja, na anaisema bila haya. Alitaka kijiji kitakapoketi chini yake, kijue limetoka kichwani mwa nani.

Kisha kamati ikahitaji kibali cha halmashauri, na kibali kilihitaji ramani iliyochorwa na mwenye cheti. Wakaenda kwa Faudhia. Walirudi na picha.

"Waliitundika kanisani," anasimulia Reverien. "Kanisa la rangi ya dhahabu, paa jekundu, anga ya buluu. Watu wakapiga makofi. Akina mama wakaipiga picha kwa simu. Mimi nikaambiwa nitaitwa siku ya kukata mbao. Niliyeahidiwa kuwa kichwa nikafanywa mkono."

Jumatatu iliyofuata alifika kwenye ujenzi. Kwenye ukuta wa banda la saruji zilikuwa zimebandikwa karatasi mbili ndani ya nailoni: ile picha, na ramani ya sakafu inayoonyesha kuta, milango na madirisha. Alizitazama mbele na nyuma. Akatafuta kenchi. Haikuwepo. Akatafuta mkato, mchoro unaolipasua jengo katikati kama mkate ili uone tumbo lake. Haukuwepo.

"Paa lilikuwa ngozi tupu, mifupa hakuna. Na kuta vilevile. Kenchi ya mita kumi na mbili ni nzito, mwandishi. Kila mguu wake unataka nguzo ya zege ndani ya ukuta, chini yake hasa. Bila hiyo, paa linasukuma kuta nje, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku ya siku. Nikawatazama waashi. Wanapanda na matofali matupu."

Mwandishi alimuuliza alijisikiaje. Reverien alipangusa chokaa viganjani.

"Nilifurahi," akasema. "Furaha mbaya, lakini nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe hajui. Picha zote zile, kumbe hajui."

Mwashi mkuu, Ildefonsi, alimwita pembeni siku hiyohiyo. Anakumbuka vizuri. "Nilimuuliza, 'Fundi, unaonaje ukuta wetu?' Akaniambia, 'Fuateni ramani.' Basi tukafuata."

Reverien hakanushi. Alilisema, na akalirudia kesho yake.

Siku ya tatu kuta zilifika kwenye madirisha. Ya sita zikayapita. Nyumbani, Esteri aliona mumewe anapiga mluzi akichanja kuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu bango la Faudhia lilipopanda. "Nikajua kuna mtu ameumia mahali," anasema. Hakujua kwamba ni yeye mwenyewe aliyekuwa anakaribia kuumia, kwani Esteri huimba kwaya, na wanakwaya wangekaa chini ya kenchi ya pili.

Kwa nini hakusema? Alikuwa anangoja Jumapili. Kamati ilikuwa imetangaza kwamba Jumapili hiyo, baada ya ibada, itamkaribisha Faudhia kwenye ujenzi na kumshukuru mbele ya waumini. Reverien alitaka mashahidi.

Jumapili ikafika. Watu walisimama katikati ya kuta mpya. Faudhia alikuja na mumewe, akiwa na ushungi wa kijani, akakabidhiwa vitenge viwili na kikapu cha maharage. Akina mama walipiga vigelegele. Vigelegele vilipopoa, Reverien akanyoosha mkono.

"Nilisema hivi: 'Wapendwa, huyu mtoto ametuchorea uso. Uso mzuri. Lakini mtu haishi kwa uso. Iko wapi mifupa? Ziko wapi nguzo? Iko wapi kenchi? Mnatujengea kaburi.' Niliyapanga maneno hayo siku tisa, mwandishi. Yalitoka vizuri mno."

Wote wakamgeukia Faudhia, naye alionekana kutoelewa kinachosemwa.

"Shikamoo, baba Reverien," akaanza. "Kenchi ipo karatasi ya tano. Nguzo zipo karatasi ya nne na ya sita. Kwani hapa mnajenga kwa karatasi ipi?"

Wakamwonyesha zile mbili za bandani. Akashika mdomo. "Nilikabidhi saba," akasema. "Nyingine tano ziko wapi?"

Hapo Mzee Manirambona akakohoa. Alipanda baiskeli yake, akaenda nyumbani, na umati ukamngoja juani karibu nusu saa. Alirudi na sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na rozari.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vyeti vya uraia vya familia yake, hati ya shamba, kadi za ubatizo za watoto wanane na risiti za kodi ambazo wino wake ulikuwa umeshafifia. Chini kabisa, ndani ya nailoni tatu, zilikuwa karatasi tano za Faudhia, kila moja na muhuri mwekundu wa halmashauri.

"Zina muhuri," Mzee Manirambona aliwaeleza watu, na hata leo hataki kuonekana mjinga kwa hilo. "Karatasi yenye muhuri haitembezwi kwenye tope. Hizo mbili hazikugongwa, ndiyo maana nilizipeleka kwa mafundi. Sisi tumekaa miaka mingapi tukisubiri karatasi yenye muhuri? Nikaipate niibandike kwenye banda la saruji?"

Mtu wa mkoa mwingine angecheka. Rwamirama hawakucheka. Wengi waliosimama pale, wakimbizi wa zamani kama Reverien, wana sanduku kama lile chini ya kitanda, na wanajua lina nini. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Reverien mwenyewe anakiri kwamba angefanya vilevile. Cheti chake cha uraia kimefungwa kwenye nailoni, kikaviringishwa kwenye shuka, kikafungiwa, na mkewe pekee ndiye anajua kilipo.

Faudhia akaikunjua karatasi ya tano na kumpa aitazame.

"Yebaba we!" anasema Reverien, na hata sasa sauti inamshuka. "Jengo limepasuliwa katikati, unaona kila kitu. Kila mbao na namba yake. Nguzo kumi na nne, saba kila upande, kila moja imesimama chini ya mguu wa kenchi yake. Nondo zimechorwa moja moja. Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, Mungu ananiona. Yaani yule mtoto alikuwa amefikiri kama mimi, halafu akaandika alichofikiri. Wivu nilioupata pale haukuwa ule wa siku zote. Ule wa kwanza ulikuwa wa pesa."

Alidhani aibu imeishia hapo. Faudhia akamuuliza swali moja.

"Baba, uliona lini kwamba hakuna nguzo?"

Angeweza kudanganya. Lakini Ildefonsi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Jumatatu nilihakikisha," akajibu. "Kushuku nilianza Jumamosi ya kabla yake, nilipopita njiani." Watu wakahesabu kwa vidole.

"Siku tisa," Faudhia akasema. "Na umekaa kimya."

"Hakunitukana," anasema Reverien. "Angenitukana ningejitetea. Aliniuliza tu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayemuuliza baba yake."

Esteri alitangulia mbele njia nzima ya kurudi nyumbani. Walipofika alimwekea chakula, akasimama mlangoni na kumuuliza kama angenyamaza hadi paa limwangukie yeye na wenzake wa kwaya. Reverien hakukigusa chakula. Alichukua nyundo kubwa na tindo, akarudi kwenye ujenzi peke yake, Jumapili ileile, na kuanza kuukata ukuta mahali pa nguzo ya kwanza.

Kukata ukuta na kuzimimina nguzo zote kumi na nne kuliwachukua yeye na waashi siku kumi na saba. Hakuna aliyemwomba afanye kazi hiyo, na hakulipwa. Ildefonsi anasema wiki ya kwanza hakuna aliyemsalimu. Ya pili walianza kumgawia chai.

Ikabaki kenchi. Faudhia alikuja na karatasi ya tano, akaibandika mezani na kuwaita mafundi wa mbao. Waliizunguka na kuitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama maandishi ya daktari. Mmoja akauliza ile mbao ndefu kabisa ni ipi. Mwingine akauliza kama kenchi yenyewe ndiyo hiyo ndogo.

Faudhia aliwaeleza mara tatu. Mara ya nne akamtazama Reverien, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la mbao akijifanya ananoa msumeno.

"Baba," akasema, "njoo uwachoree."

Reverien anakiri kwamba aliendelea kunoa kidogo, ili aombwe mara ya pili. Akaombwa. Akafagia sakafu, akamwaga maji, akangoja ikauke. Akapondaponda betri, akapaka kamba, akavuta. Kila alipoiachia, kamba ilipiga zege na kuacha mstari mweusi. Hadi saa nane mchana kenchi ya mita kumi na mbili ilikuwa imelala sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, na mafundi walikuwa wakitembea ndani yake wakielekezana bila kuuliza mtu.

Faudhia akavua viatu. Alipita juu ya boriti ya chini akihesabu hatua, akakaa pale mbao zinapokutana, akatazama juu mahali ambapo paa lingekuja kuwa.

"Miaka yote hii nachora," anamwambia mwandishi, ofisini kwake, "sikuwahi kuingia ndani ya kitu nilichokichora. Nilimuonea wivu yule mzee. Kweli kabisa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu."

Mwandishi alipompelekea Reverien maneno hayo, aliomba ayasikie tena. Aliposomewa mara ya pili, akauliza kama yamerekodiwa.

Siku ile, pale sakafuni, ndipo lilipoonekana jambo ambalo hata karatasi ya tano haikulisema. Kwenye kiungo cha juu zilikutana mbao tano. Kwa mistari, zote zilipita kwenye nukta moja bila kugombana. Zilipowekwa mbao zenyewe, hazikutosha.

"Mstari hauna unene," anasema Reverien. "Mbao ina unene. Kwenye karatasi mbao tano zinakaa kwenye ncha ya sindano. Huku duniani kila moja inataka kiti chake."

Alizisogeza mbili pembeni kwa upana wa ngumi, akaongeza kipande cha ubao kila upande kuzishika zote. Faudhia alipiga mahesabu yake, akakubali, akachukua kalamu nyekundu na kuisahihisha karatasi ya tano. Akatia saini na tarehe.

"Nikangoja aandike na jina langu," anasema Reverien. "Nikasogea karibu, nikakohoa. Hakuandika."

Faudhia anashika kichwa akikumbushwa. "Sikufikiria, wallahi. Kwenye kona ya karatasi huandikwa aliyechora na aliyekagua. Fundi haandikwi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kenchi saba zilipanda kwa wiki mbili. Mabati yakafuata. Kisha ikaja zamu ya kupiga nili, sakafu ya mwisho ya saruji laini. Reverien alimwendea Mzee Manirambona na kuomba kitu kidogo: sehemu ya mchoro wake, hata mita moja pale pembeni, iachwe bila kufunikwa.

"Fundi," mzee akamjibu, "watu wapige magoti juu ya masizi ya betri?"

Ikapigwa nili. Reverien alikuwepo, akatazama mistari yake ikifunikwa kuanzia madhabahuni hadi mlangoni. Anasema alikuwa ameshazoea kuona michoro yake ikifutwa, lakini siku ile aliwaza karatasi ya tano, iliyokuwa imesharudishwa ndani ya nailoni zake tatu, na akaona uchungu hadi akatoka nje.

"Yake yanabaki. Yangu yanafagiliwa. Hicho ndicho kinachonila roho, mwandishi. Pesa naweza kuzizoea."

Wiki iliyofuata aliingia ofisini kwa Faudhia. Safari hii hakununua kalamu. Alimwomba radhi kwa zile siku tisa, kwa maneno machache, akiwa amesimama. Kisha akamwomba amfundishe kompyuta.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, Fundi Kamba hukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioo kidogo, miwani imeshuka puani, amekishika kipanya kama anayemkandamiza kuku asiruke. Ni miezi mitano. Ada halipi, badala yake, Jumamosi Faudhia humfuata viwanjani kujifunza kuvuta kamba, peku, na chokaa hadi kwenye nyusi.

"Ameshika upesi mno," Reverien analalamika. "Wiki ya pili tu pembe zake zinakaa mraba. Mimi ilinichukua mwaka."

Anachochora kwenye kompyuta ni kimoja tu, kenchi ya Rwamirama kama ilivyosimama, na viungo vyake vyote na zile mbao mbili zilizosogezwa. Hadi mwandishi anaondoka Kasulu alikuwa amefikisha mbao kumi na moja kati ya kumi na tisa. Faudhia amekubali kwamba ikikamilika, kwenye kona itaandikwa kuwa imechorwa na Reverien Niyubahwe. Chini yake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye cheti, ataandika kuwa ameikagua.

Reverien amemuuliza kama herufi za anayekagua zitakuwa kubwa kuliko za aliyechora. Ameambiwa zitalingana. Analitafakari.

Anatarajia kumaliza kabla ya masika. Baada ya hapo anataka kuchora mapaa yake yote anayoyakumbuka, kuanzia maghala ya Kibondo hadi madarasa ya Nyarugusu, moja baada ya jingine, hata kama itamchukua miaka.

"Nitakufa, kila mtu anakufa," anasema, akikung'uta kopo lake la chokaa. "Fundi atakayekuja baadaye akitaka kujua paa lile limesimamaje, asibomoe dari. Afungue karatasi, aone nilivyokuwa nafikiri."

Anainama kuchomoa mambo, kisha anauliza kama gazeti litamtaja Faudhia pia. Anajibiwa kuwa litamtaja. Anaitikia kwa kichwa, anasema ni haki yake, binti anajua kazi. Mwandishi anafika barabarani kabla ya kusikia akiitwa.

"Lakini jina langu litangulie!"